Klorini na Siki Ndani ya Ndoo Moja

Asubuhi katika nyumba ya dobi ilianza kwa kikohozi. Mama mkwe alitangulia kukohoa, maana yeye ndiye mkubwa. Mkwe wake, dobi mwenyewe, akafuata. Kisha kazi ikaanza.

Chumba cha kufulia kilikuwa kidogo. Dirisha lake halikufunguliwa, vumbi lisije likaingia. Pembeni palikuwa na ndoo nyekundu iliyoheshimiwa kuliko kiti cha mgeni. Humo mama mkwe alimimina klorini ya kung'arisha nguo, akaongeza siki, akakoroga kwa mti. Mashuka ya nyumba ya wageni yalilowekwa humo na kutoka meupe pe.

"Mama, hii harufu inakaba," dobi alisema mara moja tu, alipokuwa bibi harusi.

"Dobi asiyekohoa bado hajaanza kazi," mama mkwe alimjibu.

Dobi akaushika mti. Kwao alifunzwa kwamba binti mwema husikia, haulizi. Shuleni waliitikia majibu wote kwa pamoja, na aliyejibu lake alichekwa mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Basi alipoikuta ndoo, naye akaikoroga.

Binti yake alikuwa wa namna nyingine. Tangu ajue kusema, kazi yake ilikuwa kuuliza. Mbona paka hafuliwi? Mbona sabuni nyeusi inatoa povu jeupe? Bibi yake alicheka, akambandika jina la Mbona. Lakini alipoanza shule, kicheko kikageuka kuwa karipio. Sasa alikuwa mtulivu, na wageni walimsifu kwa adabu. Jina la Mbona likasahaulika. Dobi alifurahia sifa zile, ingawa maswali ya mtoto aliyakumbuka.

Siku moja mvua ilinyesha, na mlango nao ukafungwa. Mtoto alikuwa akisaidia kukoroga. Ghafla aliangusha mti, akakohoa mpaka pumzi ikamwishia. Macho yalikuwa mekundu. Dobi alimbeba mbio mpaka barazani, naye mwenyewe akikohoa. Alidhani mwanawe anamfia mikononi.

Jirani yao, muuguzi wa zahanati, alisikia vurugu akaja.

"Mwache akae hapa penye hewa," alisema. "Leteni maji safi, mengi. Tumwoshe macho."

Walimwosha. Taratibu pumzi ikarudi.

"Tutampeleka zahanati sasa hivi, apimwe kifua. Mlikuwa mnatumia nini?" muuguzi aliuliza.

"Dawa yetu ya siku zote," alisema mama mkwe. "Klorini na siki."

"Mnazichanganya?"

"Ndiyo inavyotakiwa."

"Hapana, mama. Zikikutana zinatoa hewa ya sumu. Hiyo ndiyo inayowakohoza. Klorini ichanganyeni na maji baridi peke yake, dirisha likiwa wazi. Msiichanganye na siki, wala na dawa ya kusafishia choo."

"Imeandikwa kwenye chupa," mtoto alisema kwa sauti ndogo.

Dobi akamgeukia. "Ulisoma?"

"Nilisoma. Nikamwambia bibi. Akasema mtoto mwema hafundishi wakubwa."

"Na wewe ukaonaje?"

"Niliona nyote mnachanganya. Nikajua mimi ndiye nisiyejua kusoma."

Dobi alimfuta maji usoni. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na wao walikuwa wamemlea asiyaamini macho yake. Hilo lilimuuma kuliko kikohozi.

"Unajua kusoma, mwanangu," alisema. "Sisi ndio hatukukusikiliza."

Zahanati walisema mtoto atapona, ila asiingie tena kwenye hewa ile. Jioni mama mkwe aliketi jikoni, chai ikimpoa mkononi. Dobi alikuwa na hofu, maana hakuwahi kumpinga. Lakini alisema.

"Mama, kesho sitachanganya."

Mama mkwe aliweka kikombe chini. "Hata mimi niliwahi kumuuliza mama mkwe wangu," alisema. "Nilimwambia, mbona kitu hiki kinanichoma kifua?"

"Akakujibu nini?"

"Akanipa ndoo."

Walitazamana. Kisha mama mkwe akaanza kucheka, na dobi naye akacheka mpaka machozi yakamtoka, safari hii bila klorini.

Kesho yake walifungua dirisha. Mama mkwe alipima klorini na maji baridi tu, akikunja uso kama mtu aliyepewa chai isiyo na sukari. Alikuwa na hakika mashuka yatatoka yamefubaa. Yalipoanikwa, aliyazunguka, akayapekua kila pindo. Yalikuwa meupe vilevile.

"Haya," alisema, na hakuongeza neno. Siki ikahamia jikoni.

Siku hizi asubuhi katika nyumba ile huanza kwa chai, na mama mkwe anasema kifua chake kimepungukiwa na kazi. Juzi mtoto alisimama karibu naye kwenye kamba za nguo. Alifungua mdomo, akaufunga.

"Sema," bibi yake alimwambia.

"Bibi, mbona mashuka tunayaanika kwa kuyakunja mara mbili?"

Mama mkwe alitaka kujibu kwamba ndivyo ilivyo. Akajizuia. Alilitazama shuka alilolianika hivyo maisha yake yote.

"Sijui," alisema. "Shika upande huo, Mbona, tujaribu vingine tuone."