Fomu ya Ajali

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mbishi alimfunga baba yake vifungo vya shati. Jina hilo alipewa na mama yake, fundi cherehani, kwa sababu tangu alipoanza kusema hakukubali jambo bila kuuliza kwa nini. Sasa alikuwa na miaka kumi na mitatu, na mkono wa kulia wa baba ulikuwa umezungushiwa bendeji hadi kwenye kiwiko.

Baba alifanya kazi kwenye mtambo wa kuchimba mafuta, mbali baharini. Yeye na wenzake waliyakamata mabomba ya chuma kwa mikono, kila moja zito kuliko ng'ombe, na kuyaunganisha yakiwa yananing'inia. Wiki tatu zilizopita, sakafu ikiwa imelowa tope la kuchimbia, bomba liliyumba likambana. Vidole viwili vilikatika.

Jumamosi moja msimamizi wa zamu alikuja nyumbani na fomu ya ajali. Alitoa pole, akanywa chai, kisha akataka iandikwe kwamba baba hakuvaa glavu. Vinginevyo, alisema, wakaguzi wa usalama watasimamisha kazi na wenzake wote watakaa bure. Baba aliinamisha kichwa. Alimwomba Mbishi amwandikie, maana mkono wa kushoto haukuzoea kalamu.

Mbishi aliishika kalamu, akaiweka chini.

"Baba, ulivaa glavu?"

"Nilivaa, mwanangu. Hospitalini walizikata kwa mkasi."

"Basi siandiki kuwa hukuvaa."

Msimamizi alimgeukia mama, akamwambia amfunze mtoto adabu. Mama alisimamisha cherehani, akajibu taratibu kuwa adabu anayo tele. Kilichopungua mle ndani ni ukweli.

"Heshima yako iko palepale, mzee," Mbishi alisema. "Lakini mwandiko ni wangu. Simsingizii baba yangu."

Baba aliinua kichwa. Akaanza kumtamkia Mbishi aandike, neno kwa neno: glavu, tope, bomba, na mara nne walizoomba mashine ya kushikia mabomba wakaambiwa wasubiri. Akatia dole gumba la kushoto. Msimamizi alikataa kuipokea, kwa hiyo Jumatatu baba aliipeleka mwenyewe kwa wakaguzi.

Kweli kazi ilisimama wiki mbili. Majirani waliofanya kazi mtamboni walinuna. Mmoja aliacha hata kuitikia salamu za mama. Wengine walidai mashine itawanyang'anya ajira. Siku moja Mbishi alilia peke yake nyuma ya darasa, lakini hakujuta. Kisha wafanyakazi wawili wakaenda kwa wakaguzi na kuonyesha makovu yao, na baada yao wengine sita.

Wakaguzi waliamuru mashine iletwe. Ilikuwa na mikono ya chuma iliyoinua bomba na kulikaza, huku watu wakiiendesha kutoka nyuma ya kioo. Hakuna aliyefukuzwa, walipelekwa mafunzoni. Baba alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufuzu, akawafundisha wengine, na yule jirani aliyeacha kuitikia salamu akawa mwanafunzi wake.

Aliporudi likizo, baba alimketisha Mbishi karibu naye.

"Mimi niliogopa, ukaniwahi kabla sijakosea," alisema. "Kumtii mkubwa ni vizuri, mwanangu, ila mkubwa akikutuma uongo, mkatalie, hata kama mkubwa huyo ni mimi. Tungeuandika uongo ule, leo bomba lingekuwa linatafuta vidole vya mtu mwingine."