Posa ya Kigoma

Hakuna mtu Tabora nzima anayekijua kisa cha Kuluthumu na fundi Yahaya kunizidi mimi. Ukiwaondoa Kuluthumu mwenyewe, Yahaya, shangazi mtu, opereta wa Kigoma na wauza asali wote wa stesheni, mimi ndiye wa kwanza.

Ilikuwa miaka ile watu wanahamia vijiji vya Ujamaa. Treni ya Dar es Salaam ilikuwa imeingia asubuhi, na pale Tabora treni hukatwa: mabehewa haya ya Mwanza, haya ya Kigoma, na kila abiria hukimbilia lisilo lake. Kuluthumu alikuja kupokea kikapu cha nazi za shangazi yake. Alivaa gauni la zambarau lililobana kiunoni, kanga mabegani kwa ajili ya heshima, na viatu vya raizoni, vya soli nene na kisigino kirefu, kwa ajili ya mengine yote.

Kijana mmoja akamkatia njia. Suruali yake ya bugaluu, pana miguuni, ilifagia vumbi la jukwaa, na bunda la waya lilimning'inia begani kama nyoka aliyeshiba.

"Samahani dada, posta iko wapi?"

Injini ikapiga honi katikati ya neno. Kuluthumu akasikia: posa iko wapi?

"Posa!" akamaka. "Kaka, wewe una haraka kuliko treni! Posa yangu imeshapokelewa. Mchumba wangu yuko Kigoma, tena ana kifua hiki!"

Alipokuwa anapima kifua kwa mikono miwili, kikapu kikaanguka. Nazi zikaviringika mpaka chini ya behewa. Kijana akainama, akaziokota, akafuta vumbi kwa shati lake.

"Hongera, dada. Mimi naulizia posta. Ile ya barua."

Mtu mwingine angesema, samahani, nilisikia vibaya. Kuluthumu alifungua mdomo kusema hivyo hivyo, akaona wauza asali wote wamegeuka wanamtazama. Akaufunga. Akaonyesha njia kwa kidevu, akaondoka na kikapu chake, masikio yanamwaka moto.

Posta ndipo Kuluthumu alipofanya kazi, opereta wa simu. Kesho yake asubuhi mlango wa chumba cha simu ukafunguliwa, na bugaluu ikaingia.

"Kumbe ndiyo wewe!" Yahaya alisema. Kisha uso ukamnywea. "Mchumba wa Kigoma hajambo?"

"Hajambo," Kuluthumu akajibu. Angesemaje?

Chumba chenyewe hakikuwa na dirisha. Opereta akishaingia zamu, mlango hufungwa, visikizio hukaa masikioni, na kamba za bodi ya kuunganishia simu humzunguka mapajani na shingoni kama mbuzi wa sikukuu. Mtu wa Tabora akitaka Kigoma, Kuluthumu huchomeka kamba kwenye tundu la Kigoma, na sauti hupita juu ya nguzo zilizofuata njia ile ile ya misafara ya zamani mpaka Ujiji.

Yahaya alikuwa ameletwa kufunga bodi ya pili, ndogo, chumba cha jirani, ili Puge na vijiji vya Nzega navyo vipate simu. Yeye aliiita bodi mtoto, na ile ya Kuluthumu bodi mama. Kati yao kulikuwa na ukuta wa mbao tu.

"Mtoto nikimwasha," alimweleza, "anarithi kila laini aliyoikuta wazi kwa mama yake. Nililotumwa kupima ni hili: mama akifunga, mtoto naye anafunga?"

"Mtoto gani hamfuati mama?"

"Tutaona. Fungua Kigoma."

Kuluthumu akachomeka. Opereta wa Kigoma alikuwa Leonia, binti mwenye kicheko cha kupasua visikizio; walikuwa hawajawahi kuonana, lakini walijuana kuliko pacha.

"Leonia, mwenzangu, kaa hapo hapo. Tunapimwa."

Upande wa pili wa ukuta swichi ikalia. Yahaya alikuwa na kisanduku cha spika cha kupimia, chenye kutoa sauti na kuipokea, na sauti ya Leonia ikatoka humo wazi kabisa.

"Amerithi!" Yahaya akapaza sauti. "Haya, mama, chomoa."

Kuluthumu akachomoa. Masikioni mwake kukawa kimya. Lakini ng'ambo ya mbao Leonia alikuwa bado anauliza kama Tabora kuna mvua.

"Umeona?" Yahaya alisema. "Wewe umefunga chako. Laini haifi mpaka na mtoto aachie."

Kuluthumu alicheka, kisha kicheko kikamkwama. Alikuwa anafikiria neno moja alilolifungua stesheni, na midomo mingapi ilikuwa imelirithi.

Maana lilishafika Ipuli, mtaa wa kwao, kabla yake. Jioni ile Shangazi Swaumu alimpokea mlangoni na vigelegele.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwali wangu! Yaani nisimuliwe na muuza asali! Anaitwa nani?"

"Nani?"

"Huyo wa kifua!"

"Nitakwambia kesho, shangazi. Naona haya."

Kesho akampigia Leonia. "Nitafutie jina, nakufa."

"Mwite Nassibu," Leonia alisema akicheka. "Akitokea, ni nasibu yako."

Basi Nassibu akazaliwa. Shangazi akaanza kudarizi foronya, herufi N upande mmoja na K upande wa pili. Akamrudisha mshenga wa watu, mwalimu mzima, kwa sababu ya Nassibu. Kila sahani ya wali Kuluthumu aliyoila nyumbani ilikuja na swali: lini anakuja? Akimkana, shangazi ataaibika mtaa mzima. Akimwacha aishi, atamkosa Yahaya.

Na Yahaya alishamwingia moyoni. Alimpitishia karanga kwenye ufa wa mbao. Alimwita "Bodi Mama", naye akamwita "Baba Mtoto" kisha akajiuma ulimi. Siku moja vidole vyao vilikutana pale ufani, vikakaa. Yahaya ndiye aliyeondoa chake.

"Bibie, wewe ni amana ya mwenzangu. Yeye kule anakuamini."

"Je, kama asingekuwepo?"

"Yupo. Usimfanyie hivyo."

Kuluthumu alikaa kwenye kiti chake, kamba zimemzunguka, na mlango umefungwa. Angesema nini? Kwamba amemtunga mtu kwa sababu ya honi? Mwanamume anayeheshimu amana namna ile angemtazama vipi mwongo?

Kisha Alhamisi, adhuhuri, Yahaya akaingia na begi la vyombo limefungwa.

"Nimekuja kuaga. Kesho napanda treni, nimeitwa kazini Mwanza. Sijui kama nitarudi."

"Kesho?"

"Kesho. Namalizia kukaza skrubu tu upande wa pili."

Akatoka. Kuluthumu akaigeukia bodi. Tangu asubuhi alikuwa akizungumza na Leonia. Akaichomoa kamba ya Kigoma, akaishika mkononi bila kuichomeka popote. Begi alikwishaliona limefungwa, akadhani mtoto naye amezimwa. Basi akakohoa, akapaza sauti ili ipenye mbao.

"Haloo, Kigoma? Nipe Nassibu. Nassibu! Sikiliza, baba. Mimi na wewe basi! Usilie, Nassibu. Mwanamume halii hivyo. Moyo wangu umehama, umehamia Tabora hapa hapa. Posa yako nitairudisha yote. Nimekwambia usilie!"

Kutoka ng'ambo, kwenye kisanduku cha spika, sauti aliyoijua kuliko yake ikasema:

"We Kulu, unamliza nani? Nassibu si tulimtunga wote wawili?"

Kamba ikamponyoka. Mtoto alikuwa hai, na laini ya Kigoma bado ameishikilia.

Akasikia nyayo. Yahaya akasimama mlangoni, bisibisi mkononi, visikizio shingoni, waya wake unaburuta.

"Hayupo?" aliuliza polepole.

"Hayupo." Machozi yalikuwa yanamtoka, akayaacha. "Hajawahi kuwepo. Nilisikia vibaya stesheni, nikaona haya, na kila siku haya ikawa ndefu zaidi. Nichukie tu. Lakini huyo mtu nimemwacha kweli, na nimemwacha kwa ajili yako."

Yahaya akamtazama. Kisha akacheka mpaka akashika fremu ya mlango.

"Mwezi mzima namwonea wivu mtu wa kifua cha hewa! Kuluthumu, shangazi yako anapokea washenga siku gani?"

"Siku gani, na kesho unapanda treni?"

"Kesho..." Yahaya akajikuna kisogo. "Kazi ya serikali, bibie. Hilo la treni nitazungumza na wakubwa, nitawabembeleza, nadhani wataniacha nibaki."

Sauti ya Leonia ikaja tena kutoka chumba cha pili, tamu kama mtu anayemega andazi.

"Fundi, Mwanza ya wapi? Simu ya wakubwa wako walioko huku Kigoma si ilipita kwangu wiki iliyopita, Kulu akiwa hayuko zamu? Uliambiwa ukae Tabora uilee hiyo bodi mwaka mzima, ukashukuru mara mbili."

Kuluthumu akafuta machozi kwa pindo la kanga. Akainuka taratibu kwenye kiti.

"Yahaya."

"Naam."

"Anasema nini huyu?"

Yahaya akaitazama bisibisi, akaitazama dari, akainua visikizio akavipigapiga.

"Simsikii vizuri," alisema. "Laini mbovu."