Jina Ambalo Kambale Hakuliimba

Mvua iliwakuta Umugwaneza na shangazi yake Henriette barabarani, hapo Keshero, mtaa wa Goma, wakitoka kanisani. Wakakimbilia mlango wa kwanza waliouona wazi. Ulikuwa mlango wa baa ya Papa Célestin, ambako kila Jumapili mchana watu waliimba karaoke. Zamani waliimba usiku, lakini tangu vita irudi Rutshuru, kaskazini mwa mji, baa zilifungwa mapema, na watu wa Goma, ambao hawawezi kukaa bila muziki, waliuhamishia mchana.

Ndani palijaa. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, walikuwa wakikaangwa uani, na wamama wamevaa vikwembe vyao vya Jumapili. Kwenye maikrofoni alisimama mzee mmoja mwenye koti la kahawia lililopigwa pasi vizuri, akiimba rumba ya ujana wake, macho kwenye televisheni inayoonyesha maneno. Katikati ya wimbo televisheni ikazimika. Mzee akanyamaza, akashika kola ya koti lake. Meza ya nyuma wakaanza kucheka.

Hapo kijana mrefu mwenye shati la maua, mwimbaji wa baa ile, akasogea, akamnong'oneza mstari sikioni. Kisha mwingine, na mwingine, kila mara akitangulia kidogo tu, mpaka mzee akamaliza wimbo kama aliyekuwa nao wote kichwani. Watu wakampigia mzee makofi. Kijana alikuwa amekwisha kurudi kwenye nyaya zake.

Wengi walimwangalia mzee. Umugwaneza alimwangalia kijana.

"Mvua imekwisha," alisema Shangazi Henriette.

"Bado inanyunyiza, Shangazi."

"Mutoto, nje kuna jua."

Kijana aliwafuata mlangoni. "Dada, ulikuwa unaangalia midomo yangu."

"Nilikuwa naangalia kama utakosea."

"Na nilikosea?"

"Mara moja. Lakini muzee alikosea pamoja na wewe, haikuonekana."

Akacheka kwa sauti. Jina lake lilikuwa Kambale, mtoto wa Butembo, mji wa wafanyabiashara, na tangu siku ile simu ya Umugwaneza, fundi wa kushona, haikupumzika.

"Umeamuka, sheri?"

"Cherehani imeamuka. Mimi bado."

"Basi iambie cherehani ninaipenda."

"Inasema ulete sambaza, mapenzi haishibishi."

Naye alileta kweli, wamefungwa kwenye gazeti, bado wa moto, na fungu dogo pembeni kwa ajili ya Shangazi. Umugwaneza alimwona kuwa mtu wa kukaa naye miaka mingi. Kitu kimoja tu kilimchoma.

Waimbaji wa kwetu wana desturi ya kutupa majina. Katikati ya wimbo mwimbaji anamtaja mtu, anamsifu, na mtu huyo kwa furaha anamnunulia chupa au anamtia kitu mfukoni. Kambale aliishi kwa desturi hiyo. "Papa Buhendwa, baba wa mabati! Mama Olive, malkia wa Birere!" Kila Jumapili Umugwaneza alikaa karibu na ukuta, na Fanta yake, ndani ya gauni aliloshona mwenyewe, akingoja. Jina lake halikuja.

Jumapili moja, amevaa kitenge cha bluu chenye maua ya njano, alimsikia Kambale akilitupa jina la Rosine, muuza simu wa jirani, tena na tena, ndani ya wimbo wa mapenzi. Wamama wa meza ya pili wakamgeukia Umugwaneza, kisha wakatazama glasi zao.

"Kama anakuficha mbele ya walevi," Shangazi alisema njiani, "mbele ya mama yake atasema wewe ni nani?"

Jioni ile ile Umugwaneza akapiga simu. Kambale alikuwa bado anakunja nyaya, na kelele nyingi nyuma yake.

"Kambale, jina langu ni refu sana kwa wimbo?"

"Jina lako haliingie pale, sheri. Ngoja nitakueleza—"

Hakungoja. Akazima simu.

Wiki ile vita ikashuka mpaka kijijini kwao. Mama yake, Mukagasana, alifika kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya kwa miguu, godoro kichwani. Umugwaneza akafunga nguo zake na kumfuata kambini. Alimkataza Shangazi kumwambia Kambale aliko. Aliposhona mahema yaliyopasuka, kwa sindano ya mkono, aliwaza, basi ni hivyo, mimi ni mtu asiyeingia pale.

Alasiri moja alikuwa ameketi juu ya mawe meusi ya volkano, bashi, lile turubai la hema, magotini, akasikia spika ikikwaruza. Watoto wakatoka mbio. Kisha sauti, imechakaa kama ya mtu aliyeimba tangu asubuhi:

"Umugwaneza, binti ya Mukagasana! Fundi wa Keshero! Umugwaneza, uko wapi?"

Sindano ikamponyoka.

"Nani huyo anayeita jina langu?" mama yake aliuliza hemani.

Kati ya mahema ilikuja chukudu, ile baiskeli kubwa ya mbao ya kubebea mizigo, na juu yake spika na jenereta ya Papa Célestin. Aliyeisukuma alikuwa yule mzee wa karaoke, koti la kahawia limejaa vumbi. Pembeni alitembea Kambale.

"Uliniambia haliingie pale," alisema Umugwaneza.

"Haliingie. Pale kila jina ninalipwa. Rosine alilipiwa na dada zake, ilikuwa siku yake ya kuzaliwa. Wewe nikutupe kwa chupa ya nani? Lako nililiweka. Nilisema nitaliimba siku ya ndoa."

"Na mimi ningelijuaje?"

Kambale akainamisha kichwa. "Nilikosea. Nilinyamaza. Shangazi yako alilia, ndipo akasema uko huku."

"Na mimi nilizima simu," alisema Umugwaneza, taratibu.

Mukagasana alikuwa ametoka nje. "Kumbe yuko mutu wa Butembo asiyeuza kitu," alisema, na akacheka. Binti yake hakuwa amemsikia akicheka tangu afike.

"Mama, leo sina mbuzi wa mahari," alisema Kambale. "Hata spika ni ya kuazima. Ninaomba ruhusa tu ya kuleta wazee wangu."

"Na huyu?"

"Ni muzee Sibomana. Amesukuma toka Keshero."

"Basi mmoja umekwisha kumleta. Muzee, ukae." Akampa kiti kimoja kilichokuwapo, na maji ya kunywa.

Mwanamke mmoja alikuwa amesogea, mkono kifuani. "Kijana, unaweza kutupa na jina la mutoto wangu? Élisée wa Kiwanja. Tulipotezana njiani."

"Na la mume wangu," alisema mwingine. "Damascène."

Wakaja wengi, wakisema majina wote pamoja, hata Kambale asiweze kuyashika. Umugwaneza akaweka bashi chini, akafuta mikono kwenye kitenge chake, akasimama karibu naye.

"Imba," alisema.

Akawasikiliza wale wamama mmoja mmoja, naye akamnong'oneza Kambale jina sikioni, kisha jingine, kila mara akitangulia kidogo tu.