Mkono wa Kushoto wa Ngueve

Walikuwa saba tu, na Ngueve ndiye wa mwisho kushoto, lakini mkono wake wa kushoto ulishikwa.

Ilikuwa asubuhi ya kukabidhi shamba la Etunda, nyanda za Huambo. Wategua mabomu ya ardhini wana desturi yao: kazi ikiisha wanashikana mikono na kulivuka shamba wenyewe, wanakijiji wakitazama, ili watu waamini.

Mkono ule ulikuwa mkavu, wa vidole vitatu. Palinuka buti lililolowa.

"Kaka Sapalo," alimnong'oneza msimamizi wake, aliyemshika mkono wa kulia, "kuna mtu kanishika huku."

"Ni jua kali tu hilo, dada. Tabasamu, wanatutazama."

Walipofika penye bomu la kwanza walilolitegua, mkono ukamminya. Penye la pili, tena. Mashimo yalikwisha kufukiwa na kusawazishwa, mgeni asingejua yalipokuwa, lakini mkono ulijua, ukaminya penye la tatu, penye la nne, mpaka la kumi na moja, la mwisho kwenye ramani, wakafika ukingoni, wenzake wakaachiana, vigelegele vikapigwa, ila ule haukumwachia, ukaanza kumvuta arudi katikati ya shamba, taratibu, kama mtu aliyesahau kitu na anataka kukuonyesha kilipo.

Ngueve akapiga mayowe.

"Jamani, mwanangu kapandwa na mzuka!" Mama yake, Chilombo, akatupa jembe. "Kapinala, fanya haraka!"

Mganga Kapinala alikuwepo tayari kwa tambiko. Akaumwagia mkono pombe ya mahindi, akauchapa kwa majani. "Askari mshenzi! Uliyoyazika hayakutosha?"

Vidole vikaachia, kimoja kimoja. Watu wakashangilia.

Ngueve alikuwa akinawa ndipo alipoelewa. Aliyeyatega mabomu alikuwa akiyahesabu, na hakuwa amemaliza.

"Kaka, limebaki moja."

"Wapi?"

"Ndiko alikokuwa ananipeleka."

Sapalo akashusha pumzi. "Karatasi zimesainiwa. Mashine imepita mara mbili. Mvua hiyo inakuja, na hawa wamengoja miaka ishirini. Niwaambie mzuka kakataa?"

Ngueve akamkimbilia mganga. "Baba, mrudishe!"

"Nikimfukuza mimi, harudi," Kapinala akajigamba. "Nenda kalime."

Wanawake walishaingia na majembe wakiimba, Chilombo mbele yao.

"Mama, toka humo!"

"Acha woga, we! Njoo, ardhi laini hii!"

Ngueve akaunyoosha mkono wa kushoto hewani, akangoja.

Hakuna aliyeushika.