Matope ya Mto Taaskai

Injini ya boti ilikohoa mara mbili, ikatoa mvuke, ikazimika katikati ya mto. Mekees aliifunua, akaungua vidole, akaona kilichoiua. Tundu la kuvutia maji ya kupozea lilikuwa limeziba kwa matope, yameshindiliwa kama udongo wa kukandikia jiko.

“Safisha basi, shemeji,” alisema Nyukus, kaka wa mkewe.

“Nisafishe kwa maji gani? Maji yenyewe ndiyo haya.”

Waliutazama mto. Ulikuwa mzito, rangi ya chai ya maziwa. Hakuna aliyeuliza matope yametoka wapi. Kiangazi kizima wawili hao walikuwa kule juu na pampu tatu zisizo na kibali, wakiupiga ukingo kwa mipira ya maji, wakiyeyusha udongo ulioganda kwa barafu tangu enzi na enzi. Walitafuta pembe za mamothi, wale tembo wa manyoya ambao hakuna babu wa mtu aliyewaona hai. Kila jioni kipande cha kilima kilikuwa kimekwenda na maji. Sasa pembe sita zililala sakafuni mwa boti, zimefungwa magunia mabichi zisipasuke.

Mkondo uliwasukuma kwenye magogo yaliyokwama kwenye kona. Boti ililalia ubavu. Mekees alishika tawi. Nyukus alikumbatia pembe. Boti iliporudi kwa kishindo, mguu wa Nyukus ulikuwa kati ya chuma na gogo.

Walifika ukingoni wakitambaa. Sanduku la chakula lilikuwa limekwenda, na boti pia. Walibaki na shoka, birika, kiberiti ndani ya chupa, na ile pembe moja ambayo Nyukus hakuiachia.

“Mguu upo?”

“Upo.”

“Unausikia?”

“Nausikia kupita kiasi, shemeji.”

Mekees alichonga vijiti viwili, akaufunga mguu kwa mikanda yao. Ilikuwa mwisho wa Septemba. Vipande vya barafu vilikwishaanza kuelea, na kutoka hapo hadi kibanda cha kwanza cha wavuvi kulikuwa na mwendo wa siku mbili kwa mtu mwenye miguu mizima.

Maji ya kwanza waliyochota waliyaacha yatulie. Birika lilipotulia, nusu yake ilikuwa tope. Walikunywa nusu ya juu, mchanga ukisaga katika meno, na usiku matumbo yakawasokota. Asubuhi, kwenye fungu la mchanga, walikuta samaki wamelala matumbo juu, wameoza. Mekees alifunua shavu la mmoja kwa kidole gumba. Ndani mlikuwa mmejaa tope lilelile lililoiua injini.

“Joto la mwaka huu,” alisema Nyukus.

“Nyamaza.”

“Mimi nasema tu.”

“Usiseme.”

Walikula matunda mekundu yaliyogandia kwenye vichaka, machungu kama dawa. Mekees alipoinama ambebe, Nyukus aliionyesha pembe.

“Hiyo je?”

“Nikiibeba hiyo, wewe unabaki. Nikikubeba wewe, yenyewe inabaki. Chagua.”

Nyukus aliitazama pembe, akautazama mguu wake, akairudia pembe.

“Kumbe unafikiria!” Mekees alifoka.

“Si ni pembe ya kilo ishirini, shemeji. Mtu lazima afikirie.”

Walicheka, kicheko kibaya cha watu wenye njaa, kisha Mekees akambeba. Pembe, rangi ya mkate, ilibaki juu ya kuvumwani laini iliyotanda ardhini.

Siku ya tatu theluji ilianza. Mekees alikuwa akihesabu hatua mia, anapumzika, anahesabu tena. Joto la mgonjwa lilipenya hadi mgongoni mwake. Alipokanyaga kijito kilichotoka upande wa milima hakuelewa mara moja alichokiona: aliona mawe chini ya maji. Walijitupa kifudifudi, wakanywa kama ng’ombe. Mekees alipoinua uso, alikuwa analia, wala hakujificha. Ng’ambo ya kijito palikuwa na moshi.

Mwenye kibanda alikuwa Ogdo, bibi mfupi aliyekaa peke yake tangu mumewe afe. Alimlaza Nyukus, akamwosha kidonda, akaita helikopta kwa redio. Kisha akashuka kwenye shimo lake la barafu la kuhifadhia chakula, akarudi na samaki mmoja. Alitupia moto kipande cha kwanza, kama mila ya huko inavyotaka, na kilichobaki akawakatia wao.

“Na wewe, bibi?” Mekees aliuliza.

“Huyo ni wa mwaka juzi, wa mwisho. Mimi nina unga. Tangu mwaka jana nyavu zinaleta tope tupu. Nyinyi mmetoka juu, wanangu. Kuna nini huko?”

“Mvua,” Nyukus alidakia. “Kingo zinaporomoka zenyewe.”

Ogdo aliitikia kwa kichwa. Mekees alikuwa na kipande mdomoni. Kilikuwa kitamu, chenye mafuta, na hakikumezeka.

“Si mvua,” alisema. “Ni sisi. Tunachimba pembe. Mwaka jana pia tulikuwa sisi.”

Nyukus aligeukia ukuta. Ogdo alisimama, akatoka nje. Alikaa huko mpaka moto ukaanza kufa. Aliporudi alikuwa na kuni. Akazipanga taratibu, akaketi.

“Mkiacha, maji yatasafika lini?”

Mekees alitamani kumpa jibu jema. Lakini aliujua ukingo ule: ukishafunuliwa, jua la kila kiangazi huuyeyusha lenyewe, hata bila pampu.

“Miaka kumi, bibi. Labda na zaidi.”

“Mimi nina sabini na minne,” alisema Ogdo, akamsogezea sahani. “Maliza. Samaki hatupwi.”

Akala. Ogdo alimtazama hadi mwisho, kisha akaichukua sahani.

Helikopta ilitua saa nane mchana, ikirusha theluji. Mwokoaji aliyeshuka aliandika majina yao, akauliza walikuwa wanafanya nini huko juu.

“Tunavua,” Nyukus alisema kutoka kwenye machela, akiushika mkono wa shemeji yake kwa nguvu. “Mwambie, tunavua.”

Ogdo alikuwa amesimama mlangoni, mikono ndani ya aproni.

Mekees aliutoa mkono wake taratibu. “Leta ramani,” alimwambia mwokoaji, “nikuonyeshe tulipochimba.”