Mwanafunzi Asiyefungua Kamera

Delphia Ratliff alikuwa msajili wa Chuo cha Laurel Gap, chuo kidogo kilichobanwa kati ya vilima viwili huko Kentucky. Kila asubuhi yeye ndiye aliyefika wa kwanza. Aliwasha taa, akateleka kahawa, kisha akafungua kompyuta na kupitia orodha za madarasa.

Asubuhi moja, muhula ukiwa bado mchanga, ukungu ulishuka bondeni ukameza uwanja wa magari. Delphia alikuwa akipitia orodha ya darasa la uandishi, lile linalofundishwa kwa mtandao. Katikati ya majina akalikuta jina la mwanawe. Corbin Ratliff. Tarehe ya kuzaliwa ilikuwa yake. Namba ya mwanafunzi ilikuwa yake pia, ile aliyopewa aliposoma hapo muhula mmoja kabla ya kwenda North Dakota kufanya kazi kwenye visima vya mafuta. Na huko ndiko alikofia, gari lake lilipoteleza kwenye barafu. Delphia alimzika mwenyewe, kwenye kilima nyuma ya kanisa.

Kwanza alidhani ni makosa ya kompyuta. Dawa yake ilikuwa rahisi, kubonyeza mara moja tu na jina lingetoka. Aliweka kidole pale pa kubonyeza. Kidole kikakataa.

Tena hakuna ambaye angemuuliza. Chuoni hapo walikuwa na mazoea yao ya siku nyingi, wakiyaita kushikilia jina. Mwanafunzi akitoweka ghafla, pengine baba yake anaumwa au amepata kibarua, walimu hawakulifuta jina lake. Walilishikilia mpaka mwisho wa muhula ili akirudi akute nafasi yake. Ulikuwa wema wa watu wa milimani, na walijivunia sana.

Darasa lilipoanza, Delphia aliingia kimyakimya kutazama. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na nyuso chache za watu, na waliobaki, ambao hawakufungua kamera, walikuwa vyumba vidogo vyeusi, kila kimoja na jina chini yake. Mwalimu Estep alikuwa akiita majina kwa sauti ya mtu mwenye usingizi.

"Corbin, upo?"

Hakuna sauti iliyotoka. Kisha chini ya chumba kimoja cheusi yakatokea maandishi: Nipo.

Delphia alishika meza kwa mikono miwili. Aliogopa, ndiyo, lakini si woga tu. Alifurahi, na furaha ile ndiyo iliyomtisha zaidi.

Jioni, wakila maharage na mkate wa mahindi, alimweleza mumewe. Hobert alikuwa mchimba makaa mstaafu, mwenye mapafu mabovu na maneno machache. Aliweka kijiko chini.

"Huyo si Corbin, mama. Corbin hakuwahi kuamka saa mbili asubuhi kwa ajili ya kitu chochote."

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kilipokwisha macho yake yalikuwa yamelowa.

"Najua si yeye," Delphia akasema. "Lakini anaitika, Hobert. Akiitwa anaitika."

Hobert akamuuliza kama aliwahi kuwapigia wale watu wa Hifadhi ya Jamii, ofisi ya serikali inayompa kila raia namba yake. Baada ya mazishi walikuwa wamepiga simu kusema kwamba kwenye cheti cha kifo namba hiyo ya Corbin imekosewa, na kwamba mzazi lazima asahihishe. Bila hivyo, kwenye vitabu vya serikali Corbin angebaki mzima. Delphia alikuwa ameahidi kupiga. Hakupiga. Sasa aliinuka akaanza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa bado vinatumika.

Tangu siku hiyo hakukosa darasa lile hata mara moja. Kazi zake nyingine zikalala. Mwalimu Estep alitoa insha juu ya nyumbani, na kile chumba cheusi kilikuwa cha kwanza kuleta. Delphia aliisoma akiwa amesimama. "Mama yangu ni nguzo ya maisha yangu. Kila jioni huniwekea taa mlangoni. Najua bado ananisubiri. Siku moja nitarudi."

Delphia hakuwa amewahi kumwekea Corbin taa mlangoni. Hata hivyo, jioni hiyo aliwasha taa ya barazani na kuiacha ikiwaka. Hobert aliiona, akaenda kulala.

Kuna mwingine aliyeiona. Ng'ambo ya barabara aliishi Maxine Slone, waliyesali naye kanisa moja, na ambaye chuoni ndiye aliyesimamia msaada wa masomo unaotolewa na serikali kuu. Taa iliwaka siku kadhaa, usiku na mchana. Jumamosi asubuhi Maxine akavuka barabara na pai ya tufaha mkononi na bahasha kwapani. Hakuzunguka mbuyu.

"Dada Delphia, nimemwona Corbin kwenye orodha. Nimesubiri uniambie mwenyewe. Umeninyamazia."

Delphia alikata pai. Alisema kwamba chuo siku zote hushikilia jina la mtu.

"Tulishikilia," Maxine akasema. "Sheria zimebadilika, na sisi tumekaa na mazoea yetu kama jiko la kuni la zamani. Sikiliza nikueleze taratibu."

Akaeleza. Siku hizi kuna wezi wanaochukua majina ya watu, wazima na wafu, na kuyaandikisha kwenye vyuo vyenye masomo ya mtandaoni. Hawana haja ya elimu. Serikali kuu hutuma msaada wa masomo, chuo hukata ada, na kinachobaki hupelekwa kwenye akaunti ya mwanafunzi. Mwizi hukaa mbali, huiachia mashine imwandikie insha na kuitika "nipo", kisha hungojea pesa.

Delphia akauliza kosa la chuo liko wapi, ikiwa chuo nacho kimedanganywa.

"Kosa ni kwamba hatukutazama. Kufungua darasa kwenye kompyuta hakuhesabiwi kuhudhuria. Na sasa tunatakiwa tumwone mtu kwa macho, yeye na kitambulisho chake, kabla pesa haijatoka. Ikitoka kwa mtu asiyekuwapo, tunairudisha sisi, kutoka mfuko wetu. Mhasibu naye haruhusiwi tena kuiandika kama pato na kufunga kitabu. Lazima aiandike kama deni siku ileile tunapojua. Unadhani deni hilo litalipwa na nini? Wataanza na darasa la wauguzi."

Hobert alisema toka kitini kwake kwamba wauguzi wenyewe tayari hawatoshi bondeni.

Maxine akavuta pumzi. Kilichomleta hasa kilikuwa kingine. Kanuni ile ya kuonyesha kitambulisho ilimruhusu afisa wa chuo kumthibitisha mwanafunzi anayemfahamu, kwa saini yake tu. Na nani angemfahamu Corbin kuliko msajili aliyemzaa?

"Jumatatu tunawaita wanafunzi wote wa mtandaoni mmoja mmoja. Ukimwekea saini, mimi sitajua la kufanya," alisema. "Serikali ikigundua, inaweza kutunyima ruhusa ya kutoa msaada kabisa. Nusu ya watoto wa hapa hawatasoma. Na wewe utakwenda mahakamani, dada'ngu."

Delphia alisema kwa sauti ndogo kwamba insha ile ilikuwa ya mtu mwenye moyo.

Maxine hakubishana. Alitoa kwenye bahasha insha za wanafunzi wengine wa darasa lile akaanza kusoma. Ya kwanza ilikuwa ya mtu wa Florida: mama yangu ni nguzo ya maisha yangu, kila jioni huniwekea taa mlangoni. Ya pili ilikuwa ya msichana wa Ohio. Ya tatu ilikuwa ya mzee ambaye, kwa umri ulioandikwa, mama yake alipaswa kuwa na zaidi ya miaka mia. Wote walikuwa na taa ileile. Wote walikuwa wanarudi siku moja.

Hakuna aliyekula pai. Nje kulikuwa kumekucha vizuri, na taa ya barazani bado iliwaka, njano na dhaifu, kwenye mwanga wa jua. Delphia aliitazama kupitia dirisha, akaona aibu, kisha akaona hasira.

Jumatatu walikaa wawili ofisini mbele ya kompyuta. Delphia aliita, Maxine akaandika. Mmoja baada ya mwingine waliambiwa wafungue kamera na kuonyesha kitambulisho. Wengine walifungua: kijana aliyevaa sare ya duka, mama aliyejifunga taulo kichwani, babu aliyeonyesha leseni ya udereva juu chini. Lakini vile vyumba vyeusi vilianza kuzimika. Havikuaga wala kujitetea. Jina lilikuwapo, kisha halikuwapo. Taa za dari zilinguruma.

Mwishowe kikabaki kimoja.

"Corbin Ratliff," Delphia akasema. "Fungua kamera."

Yakatokea maandishi: Samahani, kamera yangu ni mbovu.

Delphia alisogea karibu na kioo mpaka pumzi yake ikakipaka ukungu.

"Corbin, huyu ni mama yako anayesema."

Nukta tatu zilichezacheza, kama mtu anayefikiri. Kisha jibu likaja.

Asante kwa ujumbe wako. Pesa yangu itatumwa lini?

Delphia alilisoma mara mbili. Alibonyeza, na jina likatoka kwenye orodha. Ndipo alipolia, kilio cha mtu anayezika mara ya pili, na Maxine akamshika mabega bila kumwambia anyamaze.

Kabla ya kwenda nyumbani aliipigia ofisi ya Hifadhi ya Jamii. Karani alimuuliza uhusiano wake na marehemu, akamwomba athibitishe namba, na akamuuliza kama ana uhakika mhusika amefariki. Delphia hakuwa amewahi kulitamka neno hilo tangu mazishi.

"Ndiyo," akasema. "Mwanangu amekufa."

Karani alimpa pole, akasahihisha namba. Kazi yote ilichukua muda mfupi kuliko wa kuoka mkate. Kisha Delphia akaziarifu benki na polisi, kama Maxine alivyomwelekeza, ili jina hilo lisitumike tena.

Kwa kuwa pesa nyingi zilikuwa bado hazijatoka, chuo kilirudisha kidogo, na darasa la wauguzi likabaki. Nafasi za wale wasiokuwapo zikapewa watu waliokuwa wakisubiri mlangoni. Walimu nao wakakubali kuacha kushikilia jina kimyakimya. Mwanafunzi asipoonekana wiki ya kwanza, sasa anapigiwa simu. Mwenye shida hupewa likizo inayoandikwa, na nafasi yake humngojea kwa njia halali.

Muhula uliofuata Delphia ndiye aliyepiga simu ya kwanza. Ilikuwa ya msichana aitwaye Tessa Caudill, ambaye hakuwa ameingia darasani tangu masomo yafunguliwe. Simu iliita sana. Delphia akakumbuka kile chumba cheusi, akawa karibu kuikata.

"Nani?" ikasema sauti nzito, yenye mafua. Nyuma yake mtoto alikuwa akilia na mbwa akibweka.

"Delphia wa chuoni. Uko salama, binti?"

"Salama wapi, mama? Nyumba nzima tunaumwa. Nilijua mmeshanifuta."

Tessa akapiga chafya, akaomba radhi, akapiga nyingine. Delphia aliibana simu sikioni asikose kitu.

"Hatujakufuta," akasema. "Endelea kuongea. Nakusikiliza."