Betri Yenye Jina la Kaitu

Rutiana alikuwa sokoni Betio, amevaa tibuta nyekundu, ile blauzi ya marinda mabegani, na kitenge cha buluu kiunoni. Alikuwa amekalia sanduku la barafu lililo tupu.

"Dada, barafu?" Kaitu aliuliza.

"Liulize jua. Jana halikuja kazini."

"Mimi fundi wa sola. Nitalisema."

"Liseme kwa adabu. Ndilo linalonilisha."

Mapenzi yakaanzia hapo. Kaitu akaijua ratiba ya nyumba ile: jua likiwa kali, wali, barafu na pasi; jioni, taa moja na simu. Akamletea betri ya pili, jina lake kaliandika ubavuni kwa rangi, ili wazungumze zaidi.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimekula sauti yako. Kata sasa, chaji inaisha."

Ijumaa Kaitu alimwambia, "Jumatatu saa kumi jioni meli inaondoka. Miezi sita nafunga sola visiwani. Ukinikubali, nimwone baba yako kabla. Nipigie nijue."

Mawingu yakakaa siku tatu. Simu ya Rutiana haikupatikana. Jumapili, akitoka kanisani, Kaitu akaiona betri yake barazani kwa Nei Tererei, jirani wa Rutiana. Hakuuliza. Alikwenda kufunga mizigo. Zawadi imegawiwa, jibu amelipata.

Jumatatu asubuhi Rutiana akatokea bandarini, tibuta imelowa mvua.

"Hukunipigia," Kaitu alisema.

"Kwa betri ipi? Sindano za sukari za mama yake Nei Tererei zinataka ubaridi, na friji yao ilizima."

"Ukatoa zote mbili?"

"Alikuja kwa bubuti, Kaitu. Kaketi mkekani, kaomba. Wewe ungemnyima?"

Kaitu akatazama vidole vya miguu yake. Bubuti ni ombi la mila, halinyimwi; alilijua hilo tangu akinyonya.

"Ningempa na waya," alisema.

"Sasa umeninunia nini, fundi mzima?"

"Nilidhani umenikataa."

"Simu imezima, miguu haijazima. Nimetembea toka kwetu Bairiki na mvua hii. Twende, baba anakungoja."

Mzee Bwereti, baba yake Rutiana, aliwapokea mkekani. Jiko la umeme lilikuwa limelala, kwa hiyo palikuwa na samaki mkavu na nazi tu. Kaitu alikuwa na hotuba, hata hakuianza.

"Kijana, mama yake Nei Tererei kajichoma sindano yake leo kwa sababu ya betri yako," mzee alisema. "Nakushukuru. Kaa ule. Nenda na meli yako kwa amani. Miezi sita si kitu. Binti yangu amezoea kulingoja jua."